Tathmini ya GParted: kupunguza, kupanua na kuhamisha patisheni bila kufuta data

Windows huupaka rangi nyekundu mstari wa diski pale nafasi iliyobaki inaposhuka chini ya asilimia 10, na kwa watu wengi hiyo ndiyo siku wanapogundua kwamba diski ya kompyuta yao ilikatwa vipande, yaani patisheni, kwa vipimo ambavyo wao hawakuvichagua. Patisheni ya C, inayobeba mfumo endeshi na programu zote, imejaa pomoni, ilhali D iliyo jirani yake ina nafasi tele inayokaa bure. Wengine wana tatizo la upande wa pili: diski nzima ni C tupu, nao wanataka kuweka Linux kando ya Windows bila kufuta chochote. Haja zote mbili zinadai kazi ileile ya kusogeza mipaka ya patisheni huku data ikiwa ndani. GParted, programu ninayoitathmini hapa, ndiyo ninayoitumia kwa kazi hiyo na ninayoipendekeza kwa wengine, pamoja na kasoro moja kubwa ambayo nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu maelekezo mengi huipitia juujuu.

GParted ni programu huria inayotolewa bure chini ya leseni ya GPL, na imekuwapo tangu mwaka 2004. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2019, baada ya miaka mingi ya matoleo yaliyoanza na sifuri, na kwa programu inayogusa diski za watu mimi huhesabu uzito huo wa kujitangaza kuwa ni sifa. Dirisha tunaloliona ni uso tu. Kazi yenyewe hufanywa na zana nyingine za siku nyingi. Jedwali la patisheni, yaani orodha ya mipaka yake, huandikwa kwa maktaba ya libparted, mfumo wa faili wa NTFS unaotumiwa na Windows hubadilishwa ukubwa na ntfsresize, na ule wa ext4 wa Linux hushughulikiwa na resize2fs baada ya kukaguliwa na e2fsck. Mpangilio huu una maana kwa mtumiaji wa kawaida, kwani uwezo wa GParted juu ya mfumo fulani wa faili hauzidi uwezo wa zana iliyo nyuma yake. Ndiyo maana inaweza kupunguza na kupanua NTFS, FAT32, ext4 na Btrfs, inaweza kupanua XFS lakini haiwezi kuipunguza, na haibadilishi ukubwa wa exFAT kabisa. Mwenye flashi au diski ya nje iliyofomatiwa kwa exFAT asipoteze muda wake hapa.

Kabla ya kuipakua, hata hivyo, ni haki kuuliza kama inahitajika. Windows ina ndani yake zana ya Disk Management, inayofunguka ukiandika diskmgmt.msc, na tangu Windows Vista zana hiyo inaweza kupunguza patisheni ya NTFS hata wakati Windows yenyewe inaendelea kufanya kazi. Kwa anayetaka kuchonga nafasi ya Linux kutoka C, ushauri wangu ni kuanza na hiyo, kwa kuwa hakuna anayeijua NTFS kuliko mwenye NTFS. Udhaifu wake huonekana haraka. Zana hiyo haiwezi kupunguza kupita pale lilipo faili lisilohamishika, na mafaili ya namna hiyo ni yale yanayotumiwa na mfumo wakati wote: pagefile.sys, hiberfil.sys, nakala za urejeshaji wa mfumo, na baadhi ya sehemu za jedwali kuu la NTFS lenyewe. Hivyo mtu mwenye patisheni iliyo tupu kwa zaidi ya nusu anaweza kuambiwa kwamba kinachopunguzika ni gigabaiti chache tu, bila kuelezwa sababu. Kuzima hibernation, yaani usingizi unaohifadhi hali ya kompyuta kwenye diski, kwa amri ya powercfg /h off, kuzima kwa muda urejeshaji wa mfumo na faili la pagefile, kisha kuwasha kompyuta upya, mara nyingi hulegeza kizuizi hicho.

Kizuizi cha pili hakilegei. Disk Management huipanua patisheni kwa kuipeleka kulia tu, na nafasi isiyogawiwa lazima iwe imegusana nayo moja kwa moja. Katika kompyuta nyingi za Windows 10 na 11, jirani wa kulia wa C ni patisheni ndogo ya urejeshaji yenye ukubwa wa mamia kadhaa ya megabaiti, nayo husimama kati ya C na nafasi yoyote utakayoifungua mbele. Matokeo yake, menyu ya kupanua huwa na maandishi ya kijivu yasiyobonyezeka, na mtumiaji hubaki akijiuliza kosa liko wapi. Patisheni hiyohiyo ndiyo iliyosumbua watu wengi Januari 2024, pale sasisho la KB5034441 lilipodai iwe na takriban megabaiti 250 zilizo wazi ndani yake, na kwenye kompyuta ambazo nafasi hiyo haikuwapo sasisho likashindwa kwa kosa la 0x80070643. Watu ambao hawakuwahi kufikiria habari za patisheni walijikuta wakisoma maelekezo ya kuzibadili kwa amri za mstari. Disk Management haina uwezo wa kuihamisha patisheni kutoka mahali ilipo, na hapo ndipo GParted inapoanza kustahili nafasi yake.

Namna bora ya kuitumia ni kupitia GParted Live, mfumo mdogo uliojengwa juu ya Debian ambao unaandikwa kwenye flashi na kuwashwa moja kwa moja bila kugusa mfumo uliomo kwenye diski. Sababu yake ni ya msingi: patisheni inayotumika haiwezi kuhamishwa, na mara nyingi haiwezi hata kupunguzwa. Ukiifungua GParted ndani ya Linux iliyosakinishwa utaona alama ndogo ya ufunguo pembeni mwa jina la patisheni inayotumika, na amri nyingi juu yake zitakuwa zimefungwa. Kutoka kwenye flashi, patisheni zote za diski ya ndani zimelala, na unaweza kuzigusa. Wakati wa kuwaka, mfumo huuliza maswali machache kuhusu kibodi, lugha na namna ya kuonyesha skrini. Asiyejua la kujibu abonyeze tu kitufe cha kuingiza kila mara, na majibu ya awali yatamfikisha kwenye dirisha la programu. Kwa kompyuta zenye UEFI, programu ya kuwashia iliyochukua nafasi ya BIOS, pakua toleo la biti 64.

Dirisha lenyewe ni la kizamani kwa sura, na mimi naliona ni zuri kwa sababu hiyohiyo. Juu kuna ukanda unaoonyesha diski nzima kutoka mwanzo hadi mwisho, kila patisheni ikiwa sanduku lenye ukingo wa rangi ya mfumo wake wa faili. Ndani ya sanduku, sehemu ya manjano ni nafasi iliyotumika na nyeupe ni iliyo wazi, na nafasi isiyogawiwa ni ya kijivu. Mtazamo mmoja wa ukanda huo unamaliza nusu ya maswali, kwani unaona papo hapo ni nani jirani wa nani. Chini yake kuna jedwali la majina, ukubwa, kilichotumika na bendera za kila patisheni. Pembe ya juu kulia kuna menyu ya kuchagua diski, na hapo ni pa kutulia: kama kompyuta ina diski mbili, au kama flashi uliyowashia nayo imeorodheshwa, hakikisha kwa ukubwa wake kwamba umechagua ile unayoikusudia, maana majina kama /dev/sda na /dev/nvme0n1 hayamwambii kitu mtu aliyezoea herufi za C na D.

Ukiichagua patisheni na kubonyeza amri ya kubadili ukubwa au kuhamisha, hufunguka kidirisha chenye sanduku linalovutwa kwa kipanya na visanduku vitatu vya namba: nafasi tupu kabla ya patisheni, ukubwa mpya, na nafasi tupu baada yake. Namba zote ni kwa MiB, kizio kinachohesabu kwa 1,024 badala ya 1,000, na hapa wengi hukwama, kwa kuwa GiB 100 ni MiB 102,400 wala si 100,000, na diski iliyouzwa kama GB 500 huonekana humu kama GiB 465 hivi. Chini kuna chaguo la kulinganisha mipaka, ambalo liachwe kwenye MiB kama lilivyo, ili kila patisheni ianze kwenye kizidisho cha sekta 2,048 za baiti 512. Diski za kisasa, hasa za SSD, hufanya kazi vizuri zaidi zikipangwa hivyo.

Sifa kubwa ya GParted, ile inayoifanya nimpe hata mtu asiye na uzoefu mradi awe msomaji makini, ni kwamba haifanyi lolote papo hapo. Kila unachoamuru huingia kwenye orodha ya kazi zinazosubiri inayojitokeza chini ya dirisha, na ukanda wa juu huchorwa upya kuonyesha diski itakavyokuwa, huku diski halisi ikiwa haijaguswa hata baiti moja. Unaweza kupanga, ukatazama, ukafuta agizo la mwisho kwa kitufe cha mshale wa kurudi, ukapanga tena, na hata ukafunga programu na kuzima kompyuta bila madhara. Kazi huanza pale tu unapobonyeza alama ya kijani ya kutekeleza na kukubali onyo linalofuata. Programu nyingine zina mpangilio kama huu, lakini hapa umewekwa wazi mno kiasi kwamba unakuwa njia ya kujifunza: mtu hupata jibu la «je, inawezekana?» kwa kujaribu kwenye mchoro tu.

Kasoro niliyoitaja imo ndani ya kidirisha hichohicho cha kubadili ukubwa. Kupanua na kuhamisha kumewekwa chini ya amri moja, kidirisha kimoja, na mvuto mmoja wa kipanya, wakati kwa diski ni kazi mbili zisizofanana kabisa. Ukiuvuta ukingo wa kulia wa patisheni kwenda kulia, unachobadilisha ni kipimo kwenye jedwali la patisheni na kumbukumbu chache za mfumo wa faili; kazi huisha kwa sekunde au dakika chache, na hakuna faili lililosogea. Ukiugusa ukingo wa kushoto hata kwa MiB moja, mwanzo wa patisheni umebadilika, na sasa kila kipande cha data lazima kisomwe mahali kilipo na kuandikwa mahali papya. Ni sawa na kuhamisha magunia yote ya ghala hatua moja kando wakati huna ghala la pili la kuyaweka kwa muda. Kidirisha hutoa onyo kwamba kuhamisha patisheni kunaweza kuufanya mfumo endeshi ushindwe kuwaka, na onyo hilo ni la kweli, lakini halisemi ni saa ngapi utasubiri wala halisemi umeme ukikatika katikati itakuwaje. Mtu aliyevuta sanduku lote badala ya ukingo mmoja hupewa onyo hilohilo analopewa aliyekusudia.

Hesabu yake si ngumu. Diski ngumu ya kawaida inayosoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde, ikilazimika kusoma na kuandika kwa zamu juu ya sahani zilezile, haitapata zaidi ya nusu ya mwendo huo. Kuhamisha patisheni ya GB 200 kwa megabaiti 50 kwa sekunde ni sekunde 4,000, yaani zaidi ya saa moja, na diski iliyochoka au iliyounganishwa kwa USB ya zamani itachukua mara kadhaa ya hapo. Katika muda huo wote, iwapo patisheni inasogezwa umbali ulio mfupi kuliko urefu wake wenyewe, mahali pa zamani na mahali papya hupandana, na data mpya huandikwa juu ya ile ya zamani kadiri kazi inavyosonga. Umeme ukikatika hapo hakuna upande wenye nakala kamili: kipande kiko kule, kipande kiko huku. GParted hujaribu kurudisha hali ya awali ikikutana na kosa la kusoma au kuandika, lakini haiwezi kurudisha chochote ikiwa kompyuta yenyewe imezimika. Kompyuta mpakato iwe imechomekwa kwenye chaja na betri yake iwe nzima. Kompyuta ya mezani isiyo na kifaa cha kuhifadhi umeme isipewe kazi ya kuhamisha patisheni kubwa bila nakala ya data kuwa mahali pengine.

Tuchukue mfano wa kawaida kabisa ili ionekane jinsi utaratibu unavyoweza kupunguza hatari. Diski ina C, kisha patisheni ya urejeshaji, kisha D yenye GB 300 ambayo imetumika GB 40 tu, na mwenyewe anataka kumpa C GB 100 kutoka kwa D. Njia inayokuja haraka kichwani ni kuuvuta ukingo wa kushoto wa D kwenda kulia kwa GB 100, kusogeza patisheni ya urejeshaji, kisha kuipanua C. Itafanya kazi, lakini kwa NTFS GParted huhamisha vitalu vyote vya patisheni, vilivyojaa na vilivyo tupu, hivyo itahamisha GB 200 ingawa mafaili ni GB 40. Njia ya pili ni kuipunguza D kwanza kutoka kulia hadi kufikia GB 60, na kutekeleza. Kisha kuihamisha D hiyo ndogo mpaka mwanzo wake mpya, na kutekeleza. Halafu kuipanua kwenda kulia ijaze nafasi iliyobaki, na mwisho kusogeza patisheni ya urejeshaji na kuipanua C kama katika njia ya kwanza. Kilichohamishwa sasa ni GB 60 badala ya 200, na saa nzima imegeuka kuwa dakika ishirini, na kwa kuwa D imesogea umbali mrefu kuliko urefu wake, mahali pa zamani hapakuandikwa juu wakati wa uhamisho. Kutekeleza baada ya kila hatua ni lazima, kwani ukizipanga zote kwenye orodha moja, programu huyaunganisha maagizo yanayofuatana juu ya patisheni ileile na kukurudisha kwenye njia ndefu. Kwa ext4 tofauti hiyo ni ndogo zaidi, maana huko GParted hutumia e2image, ambayo huhamisha vitalu vilivyotumika peke yake.

Kwenye diski za zamani zenye jedwali la MBR kuna kikwazo cha ziada. Jedwali hilo linaruhusu patisheni za msingi nne tu na halifiki zaidi ya TiB 2, kwa hiyo waliohitaji zaidi ya nne walitengeneza patisheni moja (extended) iliyo kama mfuko, inayobeba nyingine ndani yake. Ukiipunguza D iliyo ndani ya mfuko huo, nafasi iliyofunguka bado ni ya mfuko, na C haitaiona mpaka uupunguze mfuko wenyewe kama hatua ya pili. Ukanda wa juu huonyesha mfuko huo kama fremu ya samawati inayozunguka masanduku mengine, na anayeujua huelewa mara moja kwa nini kitufe chake cha kupanua hakisogei. Kwenye diski za GPT, yaani zenye jedwali la aina mpya, ambazo kwa kawaida hubeba hadi patisheni 128, suala hilo halipo.

Upande wa Windows kuna maandalizi ambayo GParted itakulazimisha uyafanye, na katika hili inastahili pongezi. Tangu Windows 8, kuzima kompyuta kwa njia ya kawaida hakuzimi kabisa. Kipengele cha kuwaka haraka huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye hiberfil.sys na kuiacha NTFS katika hali ya usingizi. GParted ikikutana na patisheni ya namna hiyo huweka alama ya pembetatu ya tahadhari na kukataa kuibadilisha, na ukiifungua taarifa yake utaelezwa sababu kwa maneno ya kueleweka. Dawa ni kuzima kwa amri ya shutdown /s /t 0, au kushikilia kitufe cha Shift wakati wa kubonyeza kuzima. Vilevile patisheni iliyofungwa kwa BitLocker, usimbaji wa Windows unaoificha data, haibadilishiki humu. Inabidi usimbaji uondolewe kwanza ndani ya Windows, kazi inayoweza kuchukua muda mrefu, na inafaa kukumbuka kwamba baadhi ya kompyuta mpya huja na usimbaji wa kifaa ukiwa umewashwa tayari bila mwenyewe kuuomba. Na ntfsresize hukataa kuendelea ikiwa diski ina sekta mbovu. Watu hutafuta namna ya kuilazimisha; mimi naona kukataa huko ni huduma, kwa sababu diski yenye sekta mbovu inahitaji kunakiliwa na kubadilishwa, haihitaji kupangwa upya.

Baada ya kazi, Windows itakapowaka kwa mara ya kwanza itakagua diski kwa chkdsk, kwani ntfsresize huacha alama ya kuomba ukaguzi huo kwa makusudi. Usiukatize. Iwapo ni D pekee iliyohamishwa, kwa kawaida hakuna la ziada. Iwapo ni mwanzo wa C uliosogezwa, tofauti ya MBR na GPT hurudi tena: kwenye MBR, kumbukumbu za kuwashia Windows huitambua patisheni kwa saini ya diski pamoja na mahali inapoanzia, kwa hiyo mwanzo ukibadilika Windows inaweza kushindwa kujiona na kuhitaji kurekebishwa kwa flashi ya usakinishaji, kwenye GPT hutumika kitambulisho cha patisheni, ambacho hakibadiliki kwa kuhamishwa. Linux nayo hutegemea UUID, kitambulisho cha kila mfumo wa faili, katika fstab, faili linaloorodhesha patisheni za kuunganishwa, na UUID haibadiliki kwa kubadili ukubwa wala kwa kuhamisha, ila ukiinakili patisheni utakuwa na mbili zenye UUID moja, na hilo ni tatizo lingine. Kama patisheni ya urejeshaji imeguswa, fungua dirisha la amri kama msimamizi uandike reagentc /info. Ikisema imezimwa, reagentc /enable ndiyo ya kujaribu kwanza.

Kuhusu nakala ya data, GParted haina njia ya kuitengeneza picha ya diski kwenye faili, na kwa hilo itafute Clonezilla, ambayo ni ya bure vilevile na hunakili vitalu vilivyotumika peke yake kwa mifumo mingi ya faili. Upungufu mwingine ni kwamba haiwezi kuligeuza jedwali la MBR kuwa GPT bila kufuta kilichomo. Windows 10 ina amri ya mbr2gpt kwa kazi hiyo tangu 2017. Amri ya kutengeneza jedwali jipya imo katika menyu ya kifaa ndani ya GParted, na huyu ndiye nyoka wa kweli katika programu nzima, kwani hiyo haingojei orodha: ukiikubali, jedwali hufutwa hapohapo. Onyo lake linasema waziwazi kwamba data yote ya diski itafutwa, na kwa mara hii limeandikwa kwa ukali unaostahili. Aliyeibonyeza kwa bahati mbaya asiandike kitu kingine chochote kwenye diski hiyo, awashe TestDisk, ambayo imo ndani ya GParted Live, na aiache itafute mipaka ya zamani.

Zipo pia programu za kulipia zinazofanya kazi hii ndani ya Windows, warithi wa PartitionMagic ya PowerQuest iliyotawala kazi hii miaka ya 1990 kabla ya kampuni hiyo kununuliwa na Symantec mwaka 2003. Uzuri wake ni kwamba huonyesha herufi za C na D zilizozoeleka, huhesabu kwa gigabaiti, na hazimlazimishi mtu kujifunza kuwasha kompyuta kwa flashi, ingawa zikifika kwenye C huomba kuwasha upya na kufanya kazi kabla Windows haijaamka, kwa sababu zilezile zinazoilazimu GParted. Matoleo yake ya bure mara nyingi hufunga baadhi ya kazi mpaka ulipe, na hugundui ni zipi mpaka umeshafika kwenye hatua ya mwisho. Anayefanya kazi hii mara moja kwa miaka kadhaa, na ambaye yuko tayari kutumia jioni moja kusoma na kuandaa flashi, haoni sababu ya kulipia. Anayeogopa hata kuingia kwenye mipangilio ya UEFI kubadili mpangilio wa kuwaka, na ambaye C yake imejaa kwa video na picha tu, ahamishie mafaili hayo kwenye D au kwenye diski ya nje na kuiacha mipaka ilivyo.

Kitu cha mwisho cha kufanya kabla ya kuzima GParted Live ni kuhifadhi taarifa ya kazi. Kazi ikimalizika, iwe kwa mafanikio au kwa kosa, kuna kitufe cha kuhifadhi maelezo kinachotengeneza faili la gparted_details.htm, lenye kila amri iliyotekelezwa, sekta za mwanzo na za mwisho za kila patisheni, na jibu la kila zana. Mfumo huo unaishi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kwa hiyo faili likiachwa kwenye eneo-kazi lake hupotea mara tu unapozima. Chomeka flashi ya pili, iunganishe kwa amri ya mount kwenye dirisha la amri, na ulihifadhi humo. Likitokea tatizo wiki mbili baadaye, namba hizo za sekta ndizo atakazoziuliza kwanza yeyote utakayemwomba msaada.